Tiki za Bluu Kutoka kwa Marehemu

“Futa sasa hivi, nione.”

“Halidi, nisikilize kwanza...”

“Sisikilizi. Futa.”

“Nafutaje kitu ambacho hakipo kwenye simu ya...”

“Kufungua uliweza, kufuta umeshindwa? Huko chuo ulisomea kufungua tu?”

“Siyo mimi ninayeandika, naapa.”

“Usiape, Dotto. Wewe ukiapa hata mbuzi anageuka kukuangalia.”

Tulikuwa tunaongea juu kwa juu, kila mmoja anamkanyaga mwenzake maneno. Mama mmoja aliyekuja kununua vocha alisimama, akatusikiliza, akaona bora akanunue ng'ambo ya barabara. Halidi alikuwa bado yuko juu ya bodaboda yake, injini inanguruma, tairi la mbele limeingia kibandani kwangu kama vile na lenyewe lina la kusema.

Mara akazima injini. Hapo ndipo nilipoogopa.

“Mama amefunga mzigo,” akasema.

“Mzigo wa nini?”

“Wa safari. Jumamosi anakwenda Mlandizi. Amemwambia Hamisa anakwenda kumsikiliza mwenye simu ya baba.”

Baba yake Halidi tulimzika Kisarawe. Koleo nililishika kwa mikono yangu.

Kama wiki zilizopita hukuwa nasi, sogea nikupe kwa ufupi, maana ya leo ni mengi.

Naitwa Dotto, Mnyamwezi wa Tabora niliyekulia Kibaha. Pacha wangu Kulwa alimaliza chuo. Mimi chuo ndicho kilichonimaliza, mwaka wa mwisho kabisa, kwa sababu ya mzaha mmoja ambao nilishausimulia hapa na siurudii. Sasa nina kibanda Visiga, kando ya barabara ya Morogoro. Juu ya meza nauza vocha na chaja. Chini ya meza nakodisha namba.

Namba zenyewe hazina laini wala simu. Zipo mtandaoni tu. Mtu anataka kufungua akaunti ya pili ya WhatsApp na hataki kutumia namba yake. Anakuja kwangu, naingia kwenye tovuti moja, nakodi namba ya nchi ambayo hata kwenye ramani hawezi kuionyesha. Zile tarakimu sita za uhakiki zinaingia kwangu, namsomea, anazijaza, kwisha habari. Baada ya dakika chache namba inarudi kwa wenye tovuti, wanamkodishia mwingine. Wateja wangu ni wauza mitumba na waume za watu. Waume za watu ndio wengi.

Basi akafariki Mzee Mwinyimadi, baba yake Halidi na Hamisa. Wao Wazaramo, mimi Mnyamwezi. Tu watani tangu babu zangu walipokuwa wanashuka na mizigo kwenda Pwani. Na mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu: nilale njia ya jeneza, nifiche sufuria ya pilau, nivae kanzu ya marehemu na kutembea kama yeye mpaka wafiwa wacheke. Anayenikasirikia ndiye mwenye kosa.

Kanzu niliivaa. Mguu wa kushoto wa mzee, ule uliokuwa unaburuta, niliuburuta. Watu walicheka.

Lakini mimi, shetani wangu hatosheki. Nikakodi namba, nikafungua akaunti, nikaweka picha ya mzee, ile ya kofia ya kiua akiangalia kamera kama anaidai. Halidi mwenyewe akaiingiza kwenye grupu la msiba. Nikaandika: “Nimefika salama. Mtandao huku upo. Hamisa, pilau lilikosa chumvi.” Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Hata mjane, Bi Mwanne, aliyekuwa hajatoa sauti tangu mazishi, alisikika akicheka nyuma ya pazia.

Jioni ile nikaiondoa akaunti kwenye simu yangu. Nikamwambia Halidi, nimefuta.

Na wiki iliyopita niliwaacha hapa: grupu la msiba limeshalala, watu wamesharudi kwenye mihangaiko yao, ghafla picha ya mzee ikatokea tena na maneno mawili matatu.

“Huu umekwisha. Wangu bado.”

Hamisa aliitoa ile namba kwenye grupu papo hapo. Ukoo mzima ukanilaani kwa zamu. Walisema utani una mwisho, na mimi nimeupita.

Ila sikuwa nimeandika mimi.

“Mlandizi sehemu gani?” nikamuuliza Halidi.

“Hajasema. Ameandikiwa tu aje Mlandizi, asiniambie mimi.”

“Lakini mama yuko eda.”

“Ndicho ninachokwambia, bwana. Mama yangu yuko eda, hata dukani hatumwi, halafu mtu aliyevaa sura ya baba anamwita porini na yeye anafunga mzigo. Na sura hiyo ulimvalisha wewe.”

Hapo nikaona bora niteme.

“Kaka, kuna kitu sikukwambia.”

“Sema.”

“Nilipokwambia nimefuta, nilifuta programu kwenye simu. Akaunti yenyewe sikuifuta.”

Halidi akanitazama.

“Na namba ya siri sikuiwekea.”

“Nieleze Kiswahili.”

“Ni kama chumba cha gesti. Mimi nilitoka, nikarudisha ufunguo mapokezi, lakini nikaacha picha ya mzee ukutani na jina lake mlangoni. Mgeni mwingine akapewa chumba hicho hicho. Kufungua mlango, anakuta yeye ni Mwinyimadi.”

“Na ungeweka hiyo namba ya siri?”

“Asingeingia.”

“Ingekuchukua muda gani kuiweka?”

Nikaanza kupanga chaja mezani, kwa sababu jibu lilikuwa fupi mno.

Halidi hakunipiga. Alishuka kwenye pikipiki, akakaa kwenye kreti la soda, akashika kichwa. Ningependa angenipiga.

“Ikodi tena hiyo namba,” akasema. “Ingia, mtoe, funga.”

Wazo zuri. Nikashangaa kwa nini halikunijia mimi niliyekaribia digrii. Nikafungua ile tovuti, nikaitafuta namba. Siku zote namba zikitumika zinarudi sokoni haraka, kama malimao. Hii haikuwepo. Mbele yake paliandikwa kuwa imekodiwa.

Nikabonyeza kuona mpaka lini.

“Vipi?” Halidi akauliza.

“Hakukodi kwa dakika.”

“Kakodi kwa nini?”

“Kwa mwezi mzima. Watu hawafanyi hivyo. Mtu anachukua zile tarakimu sita anaondoka. Huyu amepanga kukaa.”

Halidi akainuka. “Panda.”

“Twende polisi?”

“Utawaambia nini? Afande, nilimfungulia marehemu WhatsApp kwa namba ya kukodi, sasa kapata mpangaji? Panda, Dotto.”

Nikafunga kibanda.

Tulipita Kibaha. Kiluvya tukakata kulia, tukaingia njia ya vumbi, mikorosho huku na huku. Njia nzima nilikuwa naangalia ile akaunti kwenye simu yangu. Picha ya mzee ni ile ile, kofia ile ile. Chini ya picha, pale mtu anapojieleza kidogo, mimi nilikuwa nimeandika “Nipo peponi, msinipigie.” Sasa palikuwa na neno moja.

“Bado.”

Nikaizima simu, nikaitia mfukoni. Ikawa kama nimetia mfukoni kitu kinachopumua.

Hamisa alitusubiri mlangoni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kubeba kitu kizito au kumrushia mtu kitu kizito.

“Mpagazi umekuja,” akaniambia.

“Nimekuja, dada.”

“Usiniite dada. Mzigo uliouleta hapa utaubeba mwenyewe leo.”

“Mama yuko wapi?” Halidi akauliza.

“Ndani. Begi liko kitandani. Nimelificha mara moja, akanitazama, nikalirudisha. Simu haiachii. Ukimwambia akupe anaiweka chini ya paja.”

Mimi si maharimu wa Bi Mwanne na yeye yuko eda, kwa hiyo chumbani siingii. Nilikaa kwenye mkeka ukumbini, mgongo ukutani, kati yangu na yeye pana pazia la maua ya zambarau. Halidi akakaa upande wangu. Hamisa akasimama katikati, nusu huku nusu kule, pazia limemgawa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mtani. Hujambo?”

“Sijambo, mama. Nimekuja kuomba radhi.”

“Ya nini?”

“Ya hii akaunti. Anayekuandikia siyo mzee.”

Nyuma ya pazia nikamsikia anacheka, taratibu.

“Kwani nani kakwambia mimi nadhani ni mzee?”

Halidi akageuka kuniangalia. Nikamwangalia Hamisa. Hamisa akaangalia dari.

“Baba yenu,” Bi Mwanne akasema, “maisha yangu yote naye, nikiongea dakika kumi anajibu ‘mm’. Hata nyumba ya jirani ilipoungua alisema ‘mm’. Huyu anajibu sentensi nzima. Atakuwaje Mwinyimadi?”

“Sasa mama,” Halidi akasema, “kama unajua siyo baba, unakwenda kumfuata nani?”

“Anayejibu.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

“Mama,” nikasema, “naomba tuone alichoandika. Tukishaona, uamuzi ni wako.”

“Nikikupa utafuta.”

“Sifuti. Naa...” Halidi akanitia kiwiko. “Sifuti,” nikasema.

Mkono ukatoka chini ya pazia, umeshika simu.

Nikaifungua. Na hapo ndugu msomaji nilielewa nilichokuwa sijakielewa.

Bi Mwanne alikuwa amemwandikia mumewe kwenye ile akaunti tangu siku ile ya matanga. Siku hadi siku. Kila ujumbe unaanza na “Asalaam aleikum baba Hamisa.” Mimi nilishaondoa programu, kwa hiyo ujumbe wake haukuwa na pa kufikia. Ulikaa na tiki moja ya kijivu, umening'inia. Na nadhani ndivyo alivyotaka. Alikuwa anaongea na mtu asiyesikia, kama anayeongea kaburini.

Mpaka siku mgeni alipoingia. Siku hiyo ujumbe wote ukashuka kwake kwa mpigo.

“Nilikuwa napukuta mahindi,” Bi Mwanne akasema nyuma ya pazia, kama amejua niko wapi. “Nikaitupia jicho simu. Nikaona tiki zimekuwa mbili. Zote, mpaka za juu kabisa. Nikasema labda ni mtandao. Halafu zikaanza kugeuka bluu, moja moja, kutoka juu kuja chini. Mtu anasoma, mtani. Polepole. Haruki hata mmoja.”

Hamisa akajifunika mabega kwa kanga, jua la alasiri limejaa ukumbini.

Nikaanza kusoma. Mengine sitayaandika hapa, ni ya mke na mume. Lakini mengine Halidi aliyaona juu ya bega langu.

“Mnazi wa nyuma umeanza kuzaa, ule uliosema tuukate.”

“Mtani wako Dotto alivaa kanzu yako, akatembea na mguu wako. Nililia na kucheka kwa pamoja. Mtani msibani anasema anachotaka na hakuna wa kumgusa, ningekuwa na ruhusa ile ningewaambia watu mengi.”

“Halidi ana binti wa Kihaya kule Tumbi, anaitwa Adventina, muuguzi. Anadhani sijui. Wewe ungekataa. Mimi nawaza.”

Hamisa akainama kusoma. “Adventina?” akasema.

“Endelea chini,” Halidi akaniambia, shingo imemsimama.

“Muuguzi kabisa?”

“Dotto, endelea chini.”

Nikaendelea. Na ujumbe uliofuata ukatukata kicheko wote.

“Komeo la mlango wa nyuma limekufa. Halidi kaahidi kulitengeneza. Nikilala naegemeza kinu.”

Halidi akauliza taratibu, “Na huyo kajibu nini?”

Majibu yalikuwa machache. La kwanza lilisema: “Nimesoma yote.” La pili: “Usiogope, Mwanne.” La tatu: “Komeo limetengenezwa?”

Halidi akainuka, akaenda nyuma. Tukasikia anausukuma mlango, unafunguka bila ubishi. Akarudi, hakuketi tena.

Jibu la mwisho lilikuwa la jana. “Jumamosi njoo Mlandizi. Usimwambie Halidi. Nina ombi, haliandikiki.”

“Unaona?” Halidi akasema kwa pazia. “Unaona mama? Anajua mlango haufungi. Anajua unalala peke yako. Anakutoa nyumbani ili nini?”

“Angetaka kuja, si njia anaijua?” mama akasema. “Amejua mlango uko wazi tangu wiki iliyopita. Hajaja. Ameniomba niende.”

“Ndivyo wanavyoanza.”

“Wewe umejuaje wanavyoanza? Adventina ndiye kakufundisha?”

Hamisa akatoka ukumbini haraka, amejiziba mdomo. Halidi akabaki amesimama kama bango.

“Mama,” nikasema mimi, “niruhusu nimwandikie kitu kimoja. Kwa simu yako. Kama ni mtu mwema atajibu, kama ni tapeli atakimbia. Matapeli hawapendi maswali.”

“Andika.”

Nikaandika: “Wewe ni nani na unataka nini.”

Tiki moja. Mbili. Bluu.

Palepale juu pakaandikwa kwamba Mzee Mwinyimadi anaandika. Nimekwisha kufanya mizaha mingi maishani, wengine mlinicheka, wengine mlinichukia. Sijawahi kukaa mkekani kwa marehemu nikasubiri amalize kuandika.

“Wewe siyo Mwanne. Mwanne hunisalimia kwanza.”

Nikamsomea Bi Mwanne. Sauti yangu haikuwa na utani hata chembe.

“Si nilikwambia,” akasema. “Anasoma.”

Kabla sijapata la kuandika, simu ikaanza kuita mikononi mwangu. Picha ya mzee ikajaa kioo kizima, kofia ya kiua, macho yale ya kudai. Hamisa alirudi mbio, akakwama mlangoni.

“Usipokee,” Halidi akasema.

“Pokea,” Bi Mwanne akasema.

“Mama...”

“Simu ni ya kwangu, Halidi. Mtani, pokea na uweke spika.”

Nikaweka spika, nikailaza simu kwenye mkeka, chini ya pazia, nusu kwetu nusu kwake.

Mwanzoni palikuwa na upepo. Halafu mtu, mbali, anapiga nyundo kwenye chuma. Halafu sauti ya mwanaume, kijana, inayoongea chinichini kama mtu aliyejibanza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Ndiye wewe?”

“Ndiye mimi. Naomba unisamehe kwa picha ya mzee. Nilikodi namba nipate mahali pa kuongea bila kujulikana. Nilipoingia nikakuta picha yake na jina lake, nikataka kutoka. Halafu ujumbe wako ukaanza kuingia.”

“Ukasoma.”

“Nikasoma. Nilikuwa sijaongea na mtu siku nyingi.”

Halidi akapiga goti, akaisogelea simu. “Wewe, sikiliza. Mimi ndiye Halidi. Taja jina lako.”

“Nakujua, kaka. Komeo umelitengeneza?”

Halidi akageuka kuutazama mlango wa nyuma.

“Jina sitaji,” ile sauti ikaendelea. “Nikilitaja hapo, leo hii litakuwa Mlandizi, na mimi siko mbali na Mlandizi. Hii nyundo mnayoisikia wanafunga turubai la msiba.”

“Msiba wa nani?” Bi Mwanne akauliza.

“Wangu.”

Nyundo ikapiga tena, ikanyamaza.

“Kuna mwili ulitolewa mto Ruvu,” akasema. “Umekaa mochwari, sura haitambuliki. Ndugu yangu mmoja akaenda akautazama, akasema ndiye mimi. Jumamosi wanakabidhiwa, wanazika. Tangazo nimeliona, wameweka picha yangu ya harusi ya dada.”

“Si uende ukawaambie uko hai?” Hamisa akasema kutoka mlangoni.

“Dada, aliyesema ule mwili ni wangu anajua vizuri kuwa siyo wangu. Alinifikisha mtoni yeye mwenyewe. Nikionekana kabla hapajajaa watu, sitafika uani. Mama yangu nimempigia, kasikia sauti akaanguka. Wamemwambia ni mashetani, wamemnyang'anya simu.”

Kwa hiyo yale maneno kwenye grupu, “Wangu bado,” hayakuwa vitisho.

Bi Mwanne akasogea, tukasikia mkeka wa upande wake. “Na mimi mwanangu ulitaka nije kukufanyia nini? Mimi mjane tu, eda haijaisha.”

“Nilikosea, mama. Sikujua nimpateje yule mtu bila kupitia kwako. Wewe ndiye uliyeniandikia habari zake.”

“Mtu gani?”

Upepo ukajaa kwenye spika, ukapungua. Aliporudi, sauti ilikuwa karibu zaidi, kama amefunika simu kwa kiganja.

“Ulisema kuna mmoja anaruhusiwa kuingia msibani amevaa nguo za marehemu. Akatembea kama yeye. Akasema anachotaka mbele ya watu wote, na hakuna wa kumgusa. Sisi nasi ni Wazaramo, mama. Mtani hazuiwi mlangoni.”

Halidi akanigeukia taratibu sana.

Hamisa naye.

Pazia likasogea. Bi Mwanne, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikuwa amelishika pembeni kwa vidole viwili, ananitazama kwa jicho moja.

“Yupo hapo,” ile sauti ikasema. “Aliyeandika bila salamu ni yeye. Namsikia anavyopumua. Dotto?”

Nikaisukuma simu upande wa pazia.

“Dotto, mtani wangu. Nguo zangu nitaziacha kwenye mfuko chini ya daraja la Ruvu. Nakuomba, Jumamosi uje uwe mimi.”